Umati wa Sabasaba sio wateja wako: maonyesho gani yanamfaa anaeuza kazi ya mikono

Ikifika mwezi wa tano hivi magrupu ya WhatsApp ya wajasiriamali yanaanza kuchangamka, nani anaenda Sabasaba (yale maonyesho makubwa ya biashara ya Dar), banda shingapi mwaka huu, tuchangie meza watu wangapi, na ukizisoma zile meseji zote utakuta kinachoulizwa ni bei na tarehe, basi. Hakuna anaeuliza huyo mtu atakaeingia getini siku hiyo katoka kwake anaenda kufanya nini. Na mi naona hilo ndo swali la kwanza, kabla ya bei ya banda, kabla hata ya kujua uwanja uko wapi, hasa kwa mtu anaeuza kitu alichotengeneza kwa mikono yake mwenyewe, kikapu, batiki, ndala za ngozi, shanga, kinyago, sabuni ya kupika nyumbani.

Tuanze na Sabasaba yenyewe maana ndo kubwa kuliko zote. Viwanja vya Mwalimu Nyerere pale barabara ya Kilwa, kwa kawaida kuanzia tarehe 28 Juni mpaka 13 Julai, kilele tarehe 7 ambayo ni sikukuu, TanTrade, mamlaka ya serikali ya kuendeleza biashara, ndo wenye shughuli, 2025 yalikuwa maonyesho ya 49. Watu wanaoingia pale ni wengi mno, na wingi huo ndo unaotupofusha. Sa jaribu kukaa pembeni ya njia uangalie wamekuja na mizuka gani: baba na mama wametoka na watoto, watoto wanataka bembea na aiskrimu, mama kasikia kuna ofa ya blenda na masufuria, kijana anataka kuona simu na pikipiki mpya, kuna wanafunzi wanaopita banda kwa banda kukusanya vipeperushi na mifuko ya bure, kuna waliokuja kupiga picha tu. Hela wanayo, na mshahara wa mwezi wa sita umeingia juzi tu, ila wamekuja kutafuta punguzo. Wametoa nauli, wametoa kiingilio, na kichwani wanajua Sabasaba vitu vinakuwa bei chee.

Alafu wewe unamuonyesha kikapu cha milulu kutoka Iringa cha elfu hamsini. Mama anakishika, anakigeuza, anasifia kwelikweli, "jamani mmekisuka wenyewe?", anauliza bei, anakirudisha taratibu mezani, anasema ngoja nizunguke nitarudi. Harudi huyo. Na hajakudanganya kwa ubaya, ni kwamba mbele kidogo kakutana na kapu la plastiki la elfu nane na siku ile ndo alichokuwa anakitafuta.

Sisemi hakuna kinachouzika pale. Asali inatoka, viungo vinatoka, karanga za kusaga zinatoka, magauni ya batiki ya bei ya kati yanatoka vizuri tu maana nguo mtu ananunua popote alipo, na vitu vidogo vya elfu tatu elfu tano kama bangili na vishikizo vya funguo vya shanga vinatoka kwa sababu mtoto analia na mzazi anataka amani. Lakini kitu ambacho bei yake inatokana na siku nyingi za kazi ya mkono kinataka mnunuzi aliekuja akiwa ameshakubali kulipia mkono. Huyo hapatikani kwa wingi kwenye maonyesho ya jumla, sio Sabasaba peke yake, hata Nanenane mwezi wa nane ni hivohivo, mtu kaenda kuona mbegu na ng'ombe wa maziwa na matrekta.

Wenzetu wa Nairobi wamelielewa hili siku nyingi. Maasai Market, soko lao la kazi za mikono, haikai sehemu moja, inahama kwa siku: Ijumaa iko kwenye mall ya Village Market, Jumamosi iko kwenye paking ya mahakama kuu katikati ya jiji, Jumapili iko Yaya Centre. Muuzaji ni yuleyule, vitu ni vilevile, vinyago, viondo, sahani za mawe ya Kisii, shanga, ila bei ya Ijumaa na bei ya Jumamosi hazifanani hata kidogo, kwa sababu anaeingia Village Market kaja na gari kutoka Gigiri na Runda, mitaa ya wageni na wenye nazo, anatafuta zawadi ya kupeleka kwao, na wa Jumamosi mjini ni mchanganyiko, mtalii yumo, mwanafunzi wa chuo yumo, na dalali wa kupandisha bei yumo pia. Muuzaji mjanja anajua apeleke nini wapi. Mkufu mkubwa wa shanga unasubiri Ijumaa. Bangili za bei ndogo zinaenda Jumamosi. Hakuna siri nyingine.

Kwa Dar kitu kinachofanana na hicho ni bazaa ndogondogo za wikiendi za huku Masaki, Msasani na Oysterbay, na zile za Krismasi zinazoandaliwa na shule za kimataifa mwezi wa 11 na wa 12. Watu wachache, labda mia mbili mia tatu mchana mzima, na ukipita unaweza kuona kama pamepooza. Ila kila aliepo kaja kununua zawadi, ana orodha ya majina kichwani, mama mkwe, mwalimu wa mtoto, jirani wa kule kwao, na muda wa kurudi kesho hana kwa sababu kesho bazaa haipo. Neno "nitarudi" pale halina kazi. Mimi nikiambiwa nichague kati ya watu mia mbili wa namna hiyo na watu elfu hamsini wa matembezi sitafikiria mara mbili.

Na hapo hatujagusa hesabu, ambayo ndo inauma zaidi, sa vumilia kidogo. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako. Tuseme banda la maonyesho ya siku 16 umelipata laki sita ukichangia na mwenzako. Nauli na kula elfu 15 kwa siku, inakuja laki mbili na elfu 40. Kijana wa kukusaidia elfu 10 kwa siku, laki na elfu 60. Kusafirisha mzigo kwenda na kurudi laki moja. Jumla milioni moja na laki moja. Kikapu kimoja ukitoa malighafi kinakubakizia elfu 20. Kwahiyo vikapu 55 vya kwanza unauza kurudisha gharama tu, hujala hata mia. Na kama kikapu kimoja kinakuchukua siku tatu kusuka, hivyo 55 ni siku 165 za kazi, zaidi ya miezi mitano umekaa chini unasuka ili ukarudishe hela ya banda. Alafu chukua bazaa ya Jumamosi moja, meza elfu 60, usafiri na chakula elfu 40, laki moja yote, vikapu vitano umetoka, na hivyo vitano ni kazi ya wiki mbili.

Mfanyabiashara wa vitu vya kiwandani hana hili tatizo. Yeye stoki ikiisha siku ya nne anapiga simu Kariakoo bodaboda inaleta katoni nyingine. Mikono haipigiwi simu. Ndo maana urefu wa maonyesho kwa mtu wa kazi ya mikono ni jambo kubwa kuliko hata bei ya banda, na ajabu ni kwamba watu wengi wanaona siku nyingi ndo faida, "siku kumi na sita hizi hukosi". Hukosi, sawa, ila kila siku unayokaa bandani ni siku ambayo hujasuka, yaani unalipa mara mbili. Labda kama kazi yako unaweza kuifanya palepale bandani, na hilo nalishauri sana kwa wanaoweza, kaa chini suka, chora, tia shanga, watu wanasimama wenyewe, na mtu akishaangalia mkono wako unavyopita na sindano kwa dakika tano ile bei haimshtui tena. Batiki yenye nta ya moto na moto wa mkaa huwezi, watakufukuza, ila sindano na ukindu haviombi kibali.

Kuna madhara mengine ya maonyesho marefu ambayo watu hawapendi kuyasema. Stoki ikianza kuisha wiki ya kwanza na banda umelipia mpaka mwisho, tamaa inaingia. Unashuka Kariakoo unachukua bangili na vikapu vya kuingizwa kutoka nje, unavichanganya mezani na vyako, na kibao juu bado kinasema "handmade in Tanzania". Mteja sio mjinga. Aliezunguka masoko mawili matatu anakijua kitu alichokiona mezani kwa watu kumi tofauti kikiwa na rangi ileile na kosa lilelile la mshono. Akishakushuku kwa kimoja anakushuku kwa vyote, pamoja na kile ulichokihangaikia siku tatu. Na sio wewe tu, bei ya jirani yako anaesuka kweli inashuka pia kwa sababu sasa wote mnaonekana wachuuzi. Kwahiyo kabla hujalipia sehemu yoyote uliza swali moja ambalo waandaaji wengi hawalipendi: mnachagua nani anaingia, au mwenye hela yeyote anaingia? Wakikuambia watume picha za bidhaa kwanza, waone, wengine wanakataliwa, hata kama inaboa kusubiri hao ndo wa kwenda kwao. Wakikuambia "we lipia tu nafasi zinaisha", jua jirani yako atakuwa anauza kava za simu.

Jirani ni kitu kikubwa kuliko watu wanavyofikiri. Omba ramani ya mabanda. Ukipangwa karibu na spika za kampuni ya simu wale MC wao hawanyamazi toka asubuhi, mteja hawezi hata kusikia ukimueleza hii rangi imetokana na magome ya mti gani. Ukipangwa karibu na vyakula utapata watu wengi wenye mikono ya mafuta wanaoshika shika vitambaa vyako. Mwisho wa njia ni pabaya ila sio pabaya kama karibu na choo, na kwa uzoefu wangu wa kuzunguka kwenye haya mambo wajasiriamali wadogo ndo wanaopangwa huko karibu na choo, sijui ni bahati mbaya ya aina gani hiyo inayotokea kila mwaka.

Sa kuna hili la banda la bure. Halmashauri au mradi fulani au taasisi inakuambia njoo, tumewalipia. Unafurahi. Unafika mko wanane kwenye meza mbili, sabuni yako iko juu ya unga wa lishe wa mwenzio, anaepokea wageni ni afisa ambae hajui bei ya chochote, na siku ya mgeni rasmi mnaambiwa msiuze mpaka apite. Na posho ndogo. Mimi sikatazi mtu kwenda, kuna faida zake, unafahamika kwa maafisa, unapata cheti cha kushiriki, SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, ikiita watu wa kanda jina lako lipo, na kwa mtu anaeanza hivyo ni vitu. Ila usihesabu kama bure. Rudi kwenye ile hesabu ya juu, ondoa laki sita ya banda, bado una laki tano za nauli, kula, kijana na mzigo, hiyo ni vikapu 25, na siku zako 16 hakuna aliekulipia.

Kikundi ni habari nyingine. Kina mama ishirini wa Iringa wanaosuka milulu wakijikusanya, wakaweka stoki ya nusu mwaka pamoja, wakapeana zamu wawili wawili bandani huku wengine kumi na nane wako nyumbani wanasuka, hapo Sabasaba inaanza kuwa na mantiki, maana gharama imegawanyika na mikono haijasimama. Kwahiyo mtu akikuambia "mbona fulani wanaenda kila mwaka na wanarudi na hela" muulize wako wangapi.

Alafu kuna maonyesho ambayo hata hayalengi kuuza siku ile, na hapa naona ndo wengi wetu tunapitwa. Karibu-KiliFair kule Arusha mwezi wa sita, au SITE ya Bodi ya Utalii, haya ni ya watu wa utalii, wenye lodji, wenye kambi, makampuni ya safari. Ukienda na akili ya kuuza rejareja utarudi unalia. Yule mwenye lodji hatafuti kikapu kimoja, anatafuta vikapu arobaini vya taulo vinavyofanana, size moja, rangi moja, na anataka kujua vitafika lini. Unachopeleka ni sampuli chache nzuri sana, bei ya jumla umeshaipiga kabisa kichwani usianze kubabaika mbele yake, na kadi yenye namba inayopatikana. Oda moja ya hivyo inazidi mwezi mzima wa bazaa. Ila usiahidi ambacho mikono haitoi, maana arobaini kwa siku tatu tatu ni siku 120 ukiwa peke yako, na yeye anafungua msimu mwezi wa sita wa mwakani au wa 12, sio siku utakayomaliza. Na chukua nusu ya hela kwanza. Mtu mzima anaetaka oda kweli hakatai kutoa nusu.

Kwa wa visiwani na wanaovuka kwenda huko, Februari kuna Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, toka 2004 hiyo, Mji Mkongwe unajaa wageni na wana hamu ya kutumia. Lakini mgeni wa tamasha kaja kwa muziki, usiku yuko mbele ya jukwaa, atakununulia mchana akizunguka vichochoroni, na zaidi ya yote ana begi la ndege lenye kilo zake. Kwahiyo kinachouzika ni chepesi, kinachokunjika, kisichovunjika, kanga iliyoshonwa kitu, kipochi cha ukili, picha ndogo ya Tingatinga isiyo na fremu inayoviringishika. Kinyago kikubwa cha mpingo atakipiga picha. Na kwenye mpingo kuna la ziada, toka 2017 uko kwenye orodha ya miti inayodhibitiwa ikivuka mipaka, ile ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, sasa mteja anaeuliza "nitapita nacho ejapoti?" anastahili jibu la uhakika na sio "usijali dada, wote wanapita". Usipokuwa na jibu anaacha, na ana haki.

Maonyesho ya Jua Kali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wengine wanayaita Nguvu Kazi, nayo yanasifiwa sana na mimi niko nusunusu. Yalianza 1999, yanazunguka nchi kwa nchi, 2021 yalikuwa Mwanza, 2022 Kampala, 2023 Bujumbura. Kwa kuuza rejareja mbali na kwako, lugha na hela ngeni, mzigo kwenye basi, mi naona ni ghali. Kwa kukutana na mafundi wenzako na kupata wa kuchukua jumla, ni mazuri kuliko yote, viatu vya ngozi vya Mkenya vitakufundisha kumalizia pindo kuliko semina yoyote. Ukienda tu usivuke kienyeji. Mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kupita kwa kile cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa palepale mpakani, mradi bidhaa iko kwenye orodha waliyokubaliana, na hiyo inakuokolea ushuru wa forodha. Watu wanawapa hela vishoka mpakani kwa kitu ambacho karatasi moja ingekimaliza.

Msimu nao sitauzungumzia sana kwa sababu kila mtu anaujua ila hakuna anaeufuata. Januari ni ada za shule, usimuuzie mzazi mapambo. Machi mpaka Mei ni masika, bazaa ya uwanjani bila tenti la maana ni kuogesha batiki, na watalii nao wamepungua. Kati ya bazaa ya tarehe 15 na ya tarehe 28 chukua ya 28, mishahara inakuwa imeingia. Desemba nenda kila panapokubalika.

Na kwa wa sabuni, mafuta na krimu, ninyi mna kazi moja zaidi. Vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, toka 2019, na kuna bazaa siku hizi hawakupokei bila alama ya ubora, na kuna lodji haitakugusa kabisa. Uliza hilo kabla ya kulipia meza, sio asubuhi ya siku yenyewe ukiwa na ndoo zako getini.

Kama bado unang'ang'ania onyesho fulani kubwa kwa sababu wote wanaenda, mwaka wa kwanza nenda kama mtazamaji. Lipa kiingilio, zunguka siku mbili, moja ya katikati ya wiki na moja ya wikiendi, simama karibu na banda la mtu anaeuza kitu kama chako na uhesabu wangapi wanashika na wangapi wanatoa hela, kisha jioni akiwa anafunga muulize dada yule amefanyaje. Watu wa kazi ya mikono wakiwa wamechoka hawadanganyi. Mwingine atakutajia kabisa ni siku gani aliuza na ni bazaa gani nyingine anaipenda zaidi ya hii, maana wewe sio mteja na hana cha kukuficha. Ukitoka hapo na bado unaona inafaa, lipia banda la mwakani mapema ukiwa na nafasi ya kuchagua, ila yule muandaaji anaetaka hela yote iingie kwenye namba yake binafsi kabla hata hajasema uwanja ni upi, huyo muache.